Sandwichi za nguruwe wa kuchambua kwa sufuria ya presha ya umeme

Maswali ya wanaoanza ni yaleyale. Nimefuata dakika za kwenye kitabu cha sufuria, mbona nyama haichambuki? Mbona sufuria inalia na kuandika kosa kabla haijapata presha? Mbona mkate umelowa na kukatikia mkononi? Mwongozo huu ni kwa mtu anayepika Goma, kwa nyama ya bucha za Goma na umeme wa Goma. Ukiwa Bukavu, dakika ni hizihizi. Ukiwa Lubumbashi, punguza dakika nne hivi. Sababu utaiona kwenye hatua ya sita.

Chakula hiki asili yake ni kusini mwa Marekani. Huko bega la nguruwe hukaa kwenye joto dogo na moshi wa kuni kwa muda wa saa nane mpaka kumi na mbili, hadi nyama iachane yenyewe ukiivuta. Kisha huchanganywa na sosi chachu yenye utamu na kuwekwa ndani ya mkate laini. Sufuria ya presha hufanya kazi ya kulainisha peke yake, na huimaliza kwa saa mbili na nusu ukihesabu na maandalizi. Moshi haileti. Mwenye mbabula (jiko la makaa) nyumbani anaweza kuupata kiasi, na njia iko kwenye hatua ya tatu.

Unachohitaji

Kwa sandwichi 8 hadi 10, sufuria ya lita 5 au 6:

- bega la nguruwe kilo 1.5 bila mfupa, au kilo 2 likiwa na mfupa
- chumvi laini vijiko 3 vya chai, vilivyosawazishwa kwa kisu
- pilipili manga ya unga vijiko 2 vya chai
- pilipili kali ya unga nusu kijiko cha chai, au pilipili mbichi moja nzima
- vitunguu vikubwa 2 na vitunguu saumu punje 6
- mafuta ya kupikia vijiko 2 vya chakula
- maji robo lita (chupa ya nusu lita, ijaze nusu yake)
- siki nyeupe, yaani vinegre, mililita 150 kwa jumla
- nyanya ya kopo, lile kopo dogo la gramu 70
- sukari vijiko 3 vya chakula. Ya kahawia ni nzuri zaidi, nyeupe inatosha
- haradali (mutarde) kijiko 1 cha chai
- kabichi ndogo nusu, karoti 1, mayonezi vijiko 4 vya chakula
- mikate midogo laini ya mviringo 8 hadi 10

Vyombo: uma mbili imara, sinia pana, mwiko wa mbao, kikaango. Usitumie mwiko wa chuma. Unakwangua rangi ya ndani ya sufuria, na ikishakwanguka chakula kinashika hapohapo kila siku.

Nyama: hapa ndipo watu wengi wanakosea

Omba bega, yaani mkono wa mbele kuanzia juu ya goti. Bega lina mafuta yaliyopenya katikati ya nyama na mishipa mieupe mingi, na mishipa hiyo ikiyeyuka ndiyo inayoifanya nyama iwe laini na yenye kuteleza. Paja linapendeza kwa macho, ni jekundu na halina mafuta, lakini ukilipika hivi linatoka kavu kama kamba hata ukilizamisha kwenye sosi. Wauzaji wengi watakusifia paja. Kataa.

Shida ya pili ni panga. Muuza nyama wetu amezoea kukata kila kitu vipande vidogo pamoja na mfupa, tayari kwa mchuzi au kwa kuchoma. Mwambie kabla hajanyanyua mkono: "Papa, usikate-kate, unipatie bega yote nzima." Nyama ikishakatwa vipande vya mchuzi, nyuzi zake zimekuwa fupi, na utapata kitu kinachofanana na nyama ya kusaga. Zaidi ya hayo, panga linaacha vipande vya mfupa kama miiba ambavyo vitaingia ndani ya mkate wa mtoto.

Tatu, itazame nyama pale palipokatwa, mchana, penye mwanga. Ukiona vifuko vyeupe vyenye maji ndani, vikubwa kama punje ya mchele au ya mahindi, hiyo ni nyama yenye tegu. Iache, hata ukipunguziwa bei. Ni kweli joto la sufuria linaua, lakini visu, ubao na mikono vitakuwa vimeigusa kabla haijapikwa.

Kama nyumbani kwako nguruwe haliwi, chukua shingo au bega la ng'ombe. Dakika na viungo havibadiliki.

Umeme

Sufuria ya wati 1000 inavuta karibu ampea 4.5 kwenye umeme wa volti 220. Ralonji (waya wa kurefusha umeme) nyembamba ya kuchajia simu haibebi mzigo huo kwa saa nzima: inapata moto, plastiki inalainika, na usipoigusa hutajua. Chomeka moja kwa moja ukutani. Ikibidi ralonji, iwe na waya mnene, na uikunjue yote. Iliyozungushwa inahifadhi joto.

Pishi zima kwa kawaida halifiki kWh 1 (uniti moja ya umeme), kwa hiyo angalia umeme uliobaki kwenye kadi yako kabla ya kuanza. Usianze pia saa ambazo mtaa wenu umezoea kukatiwa. Ukiipika asubuhi, hata umeme ukiondoka jioni, nyama iko tayari.

Hatua

1. Toa mfupa na ngozi. Acha mafuta kiasi cha unene wa kidole kidogo, mengine punguza. Kata nyama vipande vinne au vitano, kila kimoja kama ngumi ya mtu mzima, gramu 300 hivi. Kata kwa kufuata urefu wa nyuzi, usizikate katikati. Kausha kwa kitambaa safi. Nyama iliyolowa haipati rangi, inatoa maji tu.

2. Paka chumvi yote, kijiko kimoja na nusu cha pilipili manga na pilipili kali ya unga, uingize vizuri kwa vidole. Iache nusu saa. Ukiwa na friji inayofanya kazi, ilaze humo usiku kucha, chumvi itaingia hadi ndani. Usipake sukari sasa. Mapishi mengi ya nje yanaipaka hapa, lakini sukari inaungua kwenye kitako cha sufuria, na ndiyo chanzo cha kwanza cha ule mlio wa kosa.

3. Weka sufuria kwenye kitufe cha kukaangia, tia mafuta, subiri yapate moto. Kaanga vipande viwili viwili, dakika 3 kila upande, mpaka viwe na rangi ya kahawia iliyoiva. Ukivijaza vyote pamoja vitachemka katika maji yao.
   Kwa anayetaka moshi: badala ya kukaanga, choma vipande juu ya mbabula yenye makala (makaa) yaliyokwisha kuwaka vizuri, dakika 5 kila upande. Mafuta yakidondokea makala, moshi unapanda na kuishika nyama. Fanya hivyo nje, au mlango na madirisha yakiwa wazi kabisa, maana hewa ya makala ndani ya chumba kilichofungwa inaua bila kunuka. Nyama bado ni mbichi ndani. Itaivia kwenye sufuria.

4. Toa nyama. Tia vitunguu ulivyokata, kaanga dakika 4 (uliyechoma kwenye mbabula, anza hapa kwa kupasha mafuta), kisha vitunguu saumu nusu dakika. Mimina maji robo lita na ukwangue kitako kwa mwiko wa mbao. Pitisha mwiko pole pole kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Ukihisi sehemu inakwaruza kama mchanga, bado kuna kitu kimeshika. Endelea mpaka mwiko uteleze kama kwenye sahani iliyooshwa. Hatua hii huchukua dakika moja na inakuepusha na nusu ya matatizo yote.

5. Zima kukaanga. Ongeza siki mililita 60, yaani vijiko 4 vya chakula, na pilipili mbichi nzima kama hukutumia ya unga. Rudisha nyama na maji yote iliyoyatoa. Maji yataonekana machache, hayafuniki nyama, na mkono utakuwasha kuongeza. Usiongeze. Bega litatoa maji yake mengi, na ukiongeza sasa utapata supu. Nyanya ya kopo nayo isiingie sasa, ni nzito, inazama na kuungua. Jumla ya vitu isipite theluthi mbili ya sufuria.

6. Kagua pete ya mpira ndani ya kifuniko: iwe imekaa sawa pande zote, bila punje ya wali wala uzi wa nyama. Funga, geuza valvu ya kutolea mvuke upande wa kufunga, chagua presha ya juu, panga dakika 70. Usitumie kitufe cha nyama, maana muda wake mara nyingi ni mfupi kuliko huo.
   Kwa nini 70, wakati mapishi ya nje yanasema 60? Goma iko mita 1,500 hivi juu ya bahari, na maji hapa huchemka kwenye digrii 95 hivi, si 100. Sufuria inaongeza presha yake juu ya hewa ambayo tayari ni nyepesi. Ile iliyoandikwa kPa 70 (kipimo cha presha) inapika kwenye digrii 115 hivi pwani, lakini kwetu ni 112. Kanuni ya wapishi ni kuongeza asilimia 5 ya muda kwa kila mita 300 unapopita mita 600. Kwa Goma na Bukavu ni asilimia 15. Lubumbashi, kwenye mita 1,200 hivi, ni asilimia 10.
   Dakika zinaanza kuhesabiwa presha ikishajaa, na kujaa kwenyewe kunachukua dakika 12 hadi 18. Mvuke kidogo kutoka kwenye kipini (kidude kidogo cha kwenye kifuniko kinachopanda presha ikijaa) kabla hakijapanda ni jambo la kawaida.

7. Muda ukiisha, usiguse valvu kwa dakika 20. Ukitoa mvuke ghafla, maji yaliyo ndani ya nyama yanachemka kwa nguvu na kutoka nje, na nyama iliyokuwa laini inakauka mbele yako. Baada ya dakika 20 geuza valvu kwa mpini wa mwiko, uso na mkono vikiwa mbali, utoe presha iliyobaki. Fungua kifuniko pale tu kipini kikishashuka. Kifuniko kikigoma, kina sababu, usikilazimishe.

8. Jaribu kipande kikubwa kuliko vyote. Choma uma katikati na uuzungushe robo mzunguko. Ikiiva, nyuzi zinafunguka zenyewe bila mvuto. Ukiona unavuta kwa nguvu, rudisha, funga, dakika 15 zaidi. Usishindane nayo kwa uma. Nyama ngumu iliyochanwa kwa nguvu inabaki ngumu.

9. Hamishia nyama kwenye sinia, ipumzike dakika 10. Engua mafuta juu ya mchuzi kwa kijiko, kisha washa tena kitufe cha kukaangia, bila kifuniko, dakika 10 hadi 15, mpaka mchuzi ubaki nusu. Onja kabla ya kuongeza chumvi yoyote, maana mchuzi ukipungua, chumvi yake inakolea.

10. Chambua nyama kwa uma mbili, moja ikishika na nyingine ikivuta kufuata nyuzi. Ikipoa kiasi, mikono iliyooshwa vizuri ni bora kuliko uma: vidole vinahisi vipande vya gegedu, mafuta magumu na mifupa ambavyo jicho halioni. Acha nyuzi za urefu wa kidole. Kilo 1.5 mbichi itakupa gramu 900 hivi.

11. Sosi: kwenye kikaango, kaanga nyanya yote ya kopo dakika 2 katika kijiko kimoja cha mafuta uliyoengua, mpaka harufu ya ubichi iishe. Ongeza siki vijiko 4 vya chakula, sukari vijiko 3, haradali, nusu kijiko cha pilipili manga kilichobaki na mililita 200 za mchuzi. Chemsha polepole dakika 8. Iwe nzito ya kushika mgongo wa kijiko. Ladha iwe chachu kwanza, tamu baadaye. Ikiwa tamu kwanza, ongeza siki.

12. Mimina nusu ya sosi kwenye nyama, changanya, kisha ongeza kidogo kidogo. Bana nyama kwa kijiko: ing'ae, lakini isidondoshe. Ikidondosha kwenye sahani, itadondosha ndani ya mkate.

Kabichi na mkate

Kabichi za Kibumba, kaskazini mwa Goma, zilizofungana vizuri ndizo zinazofaa. Kwa kuwa italiwa mbichi, ioshe jani kwa jani kwa maji yaliyochemshwa au yenye klorini, kamwe si maji ya ziwa yaliyotoka kwenye bidoni (dumu) moja kwa moja. Kipindupindu hapa kwetu si hadithi. Ikate nyembamba sana, paka chumvi kidogo, iache dakika 15, kisha ikamue. Changanya na karoti iliyokwanguliwa, mayonezi na siki vijiko 2. Ukiruka kukamua, maji yake yatamaliza mkate hata kama nyama umeipatia.

Mikate yetu midogo ni laini na ina hewa nyingi, inanyonya haraka. Ikate, uweke upande wa ndani kwenye kikaango chenye mafuta kidogo, dakika 1 hadi 2, mpaka ipate ngozi ya kahawia. Ngozi hiyo ndiyo inayozuia sosi. Panga hivi: mkate, nyama gramu 90 hadi 100, kabichi juu, mkate. Jaza wakati wa kula, si kabla.

Umeme ukikatika katikati

Andika saa palepale, chomoa sufuria, usiguse valvu. Kama kipini kilikuwa hakijapanda, hujapoteza kitu, utaanza upya. Kama kilikuwa juu, nyama inaendelea kuiva kwa joto lililofungiwa ndani. Umeme ukirudi, subiri dakika tano kabla ya kuchomeka, kwani ule wa kwanza unaweza kuja na nguvu ya kuunguza kadi ya umeme iliyo ndani ya sufuria. Sufuria nyingi zinasahau zilipofikia, kwa hiyo panga mwenyewe dakika zilizobaki na uongeze 5.

Saa moja ikipita bila dalili ya umeme, hamia kwenye mbabula. Hamisha nyama na mchuzi kwenye sufuria ya kawaida, ongeza kikombe cha maji, funika vizuri, moto mdogo. Kama ilikuwa imeiva nusu, tegemea saa moja na nusu hadi mbili. Kamwe usichukue bakuli la ndani la sufuria ya umeme ukaliweka juu ya makala. Kitako chake kinapinda, na kikipinda hakikai tena sawa kwenye kipashio. Sufuria nyingi zimeharibika hivyo.

Matatizo mengine

*Inaandika kosa la kuungua.* Izime, toa presha, fungua, kwangua kitako, ongeza maji nusu kikombe, anza tena. Ikirudia, hamisha kila kitu na uoshe bakuli.

*Kipini hakipandi, mvuke unatoka pembeni.* Pete ya mpira imekaa vibaya au imechoka. Itoe, ioshe, irudishe ukiibonyeza pande zote. Kama imepanuka na kulegea, nunua nyingine ya kipimo hichohicho.

*Kipini hakipandi na hakuna mvuke.* Valvu iko wazi, maji ni machache, au volti iko chini sana. Jioni taa zikififia, sufuria nayo inachelewa.

*Nyama inachambuka lakini ni kavu.* Ulipewa paja, au ulitoa mvuke haraka. Iloweke kwenye mchuzi wa moto dakika 10. Itasaidia, haitapona kabisa.

*Chumvi imezidi.* Usitumie mchuzi kwenye sosi; weka maji, na uongeze siki na sukari kidogo. Kabichi nayo iache bila chumvi.

*Imebaki.* Isikae mezani zaidi ya saa mbili. Itandaze kwenye chombo kipana ipoe haraka, kisha friji, siku 3. Kama friji yako ilizima usiku kucha, itupe. Ukiipasha moto, ongeza vijiko viwili vya mchuzi na ufunike mpaka itoe mvuke katikati, siyo pembeni tu.

*Sufuria inanuka nguruwe hata ukipika wali.* Harufu iko kwenye pete ya mpira. Ilaze usiku mzima kwenye maji yenye siki, nusu kwa nusu, ioshe, ianike penye upepo. Anayepika nguruwe mara kwa mara na awe na pete mbili, moja ya nyama, nyingine ya wali na maharage.